Wembe wa Kukunja Unakusumbua? Usikimbilie Kinoo

Nyembe nyingi za kukunja za zamani haziuawi na miaka, zinauawa na mmiliki mpya. Chuma kilichofuliwa Sheffield kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kinaweza kulala kabatini vizazi vitatu na bado kikanoleka, kikanyoa. Kisha kinaangukia mikononi mwa mtu mwenye ari. Asubuhi ya kwanza kinamvuta ndevu, naye mbio hadi kwenye jiwe la kunolea. Baada ya wiki mbili mgongo wa wembe umelika, makali yamekuwa kama msumeno, na ndevu bado zinavutwa, kwa sababu tangu mwanzo kosa lilikuwa kwenye povu.

Kwa hiyo utaratibu ninaoushikilia ni huu: kagua maji na povu, kisha mkono, kisha ukanda wa ngozi wa kunyooshea makali, na jiwe liwe la mwisho. Tena badilisha kitu kimoja kwa kila kunyoa. Ukibadilisha sabuni, ukanda na mlalo wa wembe asubuhi moja, hata mambo yakinyooka hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kuna hali moja tu ya kuruka foleni hiyo: wembe uliorithi, au uliouagiza mtandaoni, usiojua mara ya mwisho ulinolewa lini na nani. Huo uhesabu kuwa butu mpaka uthibitike vinginevyo. Neno la muuzaji kwamba "ni mkali sana" halina uzito. Wauza vitu vya kale wengi huupima wembe kwa kukata karatasi, na karatasi inakatwa hata na kisu cha jikoni.

Umeshika wembe gani

Usome kwenye shina, pale penye chuma kinene karibu na ribiti, yaani msumari unaoshikilia wembe kwenye mpini. Sheffield ni Uingereza, Solingen ni Ujerumani, Eskilstuna ni Uswidi, Thiers ni Ufaransa. Ukiona na jina la nchi, mathalani ENGLAND au GERMANY, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulitengenezwa kuanzia 1891, maana sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zinazoingia huko ziandikwe zilikotoka. Upana hutajwa kwa sehemu za nane za inchi, na 5/8 na 6/8 ndizo zinazopatikana zaidi.

Kwa mwenye tatizo, kubwa zaidi ni umbo la mbavu. Nyembe za zamani za Sheffield nyingi ni nene, zina umbo la kabari. Za baadaye, hasa za Solingen, zimechimbwa mbavu mpaka chuma kikawa chembamba mno, na zikikata ndevu unazisikia zikilia. Kabari inavumilia mkono mzito. Uliochimbwa hauvumilii: ukiukandamiza shavuni makali yanapinda kidogo, na mtu analalamika kwamba wembe "unaruka". Huo haudai kunolewa. Unadai ulegeze mkono.

Unavuta ndevu

Hili ndilo lalamiko linalotangulia mengine yote, na halina sababu moja. Swali la kujiuliza ni unavuta lini, na unavuta wapi.

Ukianza vizuri kwenye shavu la kwanza halafu ukaanza kukwama ukifika shavu la pili, shuku povu kabla ya kushuku chuma. Limekauka. Paka upya, lenye maji zaidi, pitisha tena palepale. Ukiteleza, wembe wako hauna kosa. Na kama unanyoa chini ya feni, zima. Feni inakausha povu upesi kuliko unavyoweza kufika kidevuni.

Ukivuta upande mmoja tu wa uso, mara nyingi ni mkono ulio dhaifu. Mtu wa mkono wa kulia akinyoa kwa kushoto huusimamisha wembe bila kujua, nao ukisimama unakwangua badala ya kukata. Nyoa shavu hilohilo kwa mkono wako mzuri, hata kama itabidi uuzungushe mkono mbele ya uso. Kama kero imekwisha, jawabu umelipata: mazoezi. Kama haijakwisha, kuna uwezekano upande mmoja wa makali haukunoleka sawa na mwenzake.

Ukivuta kidevuni na juu ya mdomo pekee, ndevu hazikulainika. Pale ndiyo nene zaidi usoni. Osha kwa maji ya moto na sabuni, weka taulo lililochovywa maji ya moto kwa dakika mbili tatu, kisha paka povu na usugue kwa brashi bila haraka. Wengi wanatumia sekunde kumi kwenye maandalizi na mwezi mzima wakitafuta jiwe la gharama.

Ukivuta tangu unapoupitisha mara ya kwanza, kila mahali, hata juu ya povu zuri na kwa mkono mwepesi, hapo sasa ni makali. Lakini bado usiguse jiwe. Yatazame kwanza.

Simama chini ya taa moja kali, ufumbue wembe, elekeza makali juu, yakutazame wewe, kisha uinamishe wembe taratibu mbele na nyuma. Makali yaliyokamilika hayaonekani. Hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona kinukta kinachomeremeta, pale pamemeguka. Ukiona mstari mzima mwembamba unang'aa kutoka shinani hadi nchani, wembe ni butu kweli, na hakuna ukanda wa ngozi utakaouokoa.

Kipimo cha pili kinahitaji kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia kwenye maboksi. Paka wino kwenye mshazari, yaani ule ukanda mwembamba unaokutana na makali, pande zote mbili. Laza wembe kwenye jiwe laini lililoloweshwa, mgongo na makali vyote vikiwa vimegusa, uusukume mara moja tu kwa kila upande bila kukandamiza. Inua, tazama. Wino ukiwa umefutika wote hadi ukingoni, jiwe linafika panapotakiwa. Ukibaki mstari mweusi kwenye ukingo wenyewe, jiwe linasugua mgongo wa mshazari na makali hayaguswi. Unaweza kunoa hadi magharibi na hakuna kitakachobadilika. Ukibaki nchani tu, au katikati tu, wembe umepinda, au makali yameingia ndani katikati kwa sababu ya manoleo mabaya ya zamani. Wa namna hii mpelekee mtu anayejua, la sivyo utaumaliza.

Kama umeamua kunoa mwenyewe, mambo matatu yanatosha kukuepusha na maafa. Jiwe liwe limenyooka: chora miraba kwa penseli, sugua kwa msasa wa maji uliowekwa juu ya kioo, na penseli isipofutika sehemu fulani, pana bonde. Mgongo usiinuliwe hata kidogo, kwa sababu mafundi waliupa unene ule ili ndio uwe kipimo cha pembe ya makali. Na jiwe lenyewe liwe la daraja linalofaa (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi): namba 1000 kwa kutengeneza mshazari upya, kisha 4000 au 5000, kisha 8000, na ukipenda 12000. Lile jiwe la kijivu linalouzwa madukani kwa ajili ya visu na mapanga halimo katika hesabu hii. Wala usimpe wembe mnoaji anayepita mitaani na gurudumu la baiskeli. Kwa visu ni fundi mzuri, lakini gurudumu lile linapasha chuma moto pale pembamba, na makali yakishabadilika rangi kuwa ya buluu ugumu wake umekwenda, haurudi.

Kosa moja la wanaoanza kunoa ni kuzidisha. Dalili yake ni ya ajabu: wembe unanyoa kwa ukali wa kutisha mara chache za mwanzo, kisha ghafla unakwaruza. Ukingo ulinolewa mpaka ukatoa uzi mwembamba wa chuma, nao ukavunjika juu ya ndevu. Rudi kwenye jiwe la 8000, uzito uwe wa wembe wenyewe, sukuma mara chache, kisha ukandani.

Ulikuwa mzuri, sasa umeacha

Wembe ulionyoa vizuri wiki iliyopita na leo haunyoi, bila kuanguka wala kuota kutu, umeharibiwa kwenye ukanda wa ngozi. Naweza kusema hivyo bila kuuona.

Ukandani wembe huenda mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kinyume cha kwenye jiwe. Ufikapo mwisho, uuzungushe juu ya mgongo wake. Makali yapae, mgongo usiondoke kwenye ngozi. Anayeuzungusha juu ya makali anaukunja ukingo kila afikapo mwisho, na kwa kuwa hufanya hivyo kila asubuhi, anajitengenezea ubutu kwa bidii. La pili ni ukanda uliolegea. Ukibonyea katikati, ngozi inapanda kuyazunguka makali na kuyaviringisha. Vuta ukae sawa, lakini usiukaze mpaka uimbe.

Mara ishirini hadi thelathini kwenye kitambaa kinachoambatana na ukanda, arobaini hadi sitini kwenye ngozi, zinatosha. Kasi haina faida yoyote; ile ya kwenye sinema ndiyo inayokata kanda. Kanda ikikatwa kidogo, sugua kile kidoa kwa msasa laini mpaka kisishike kidole. Ikikatwa na kuinuka kipande, itupe au ikate iwe fupi. Ngozi ikikauka, isugue kwa kiganja kila siku. Mafuta ya mkono wako ni mengi kuliko unavyodhani. Usiimwagie mafuta ya nazi.

Kama ukanda umeshindwa kuurudisha, kabla ya jiwe jaribu dawa ya kijani ya kromu iliyopakwa juu ya ubao uliofunikwa ngozi: mara kumi kwenda na kurudi, mkono mwepesi. Ukiona unahitaji dawa hiyo kila wiki, kasoro iko kwenye mkono wako wa ukandani.

Povu halisimami

Hapa kwetu mkosaji mara nyingi ni maji. Maji ya visima, na mengi ya visima vya kuchimbwa katika miji ya pwani na bara, yana kalsiamu na magnesiamu, na pwani yanaongezeka chumvi ya bahari. Madini hayo yanakamata sabuni na kuigeuza utando mweupe, ule unaobaki kwenye beseni. Mtu anaongeza sabuni, utando unaongezeka.

Pima hivi: jaza theluthi ya chupa safi kwa maji yako, tia vipande vidogo vya sabuni ya kipande, tikisa. Povu likijaa na maji ya chini yakabaki angavu, maji yako ni mazuri. Yakiwa meupe na povu haba, umempata mwizi. Dawa si ghali: povu la uso mmoja halihitaji zaidi ya nusu kikombe cha maji, kwa hiyo tumia ya mvua au ya chupa kwa povu tu, na suuza uso kwa ya bomba. Kuchemsha kunasaidia baadhi ya maji magumu, lakini hakuondoi chumvi.

Maji yakiwa mazuri na povu bado linakufa, tazama sabuni. Ya kuogea inatoa povu jingi linaloyeyuka upesi. Ya kunyolea hutengenezwa kwa asidi ya steariki nyingi na potasi, ndiyo maana povu lake ni zito na linakaa. Povu lililo tayari linang'aa, halina mapovu makubwa ya hewa, na ukilichovya kidole linainuka kincha kinacholala kidogo. Likisimama wima na kuonekana kavu, ongeza maji, matone machache kwa wakati.

Ngozi inawaka

Baada ya kunyoa, suuza uso kwa maji baridi na upitishe kipande cha shabu kilicholoweshwa. Shabu inafunga vijeraha, lakini kwangu faida yake kubwa ni kwamba inasema ukweli. Inapouma, hapo ulikandamiza, au ulirudia bila povu. Ikiuma chini ya taya pekee, nenda ukachunguze ndevu za pale zinalala upande gani. Shingoni kwa wengi haziteremki, zinakwenda pembeni au zinapanda, na mtu anayenyoa kuteremka anakuwa amenyoa kinyume bila kukusudia. Ikiuma uso mzima, wembe umeusimamisha mno. Laza wembe shavuni kabisa, kisha inua mgongo kiasi cha unene wake mara moja au mbili, uishie hapo.

Wembe uliotoka kwenye jiwe jana nao unaweza kuunguza hata kama ni mkali. Upe ukanda zaidi kabla ya kuulaumu.

Vipele vinavyokuja siku ya pili au ya tatu

Hivi si sawa na kuungua, na kuvichanganya kunawapotezea watu miezi. Ndevu zetu nyingi zimejikunja. Ikikatwa chini ya usawa wa ngozi, au ikabaki na ncha kali, ndevu inajipinda na kuingia ngozini tena, mwili unaichukulia kuwa mwiba, na kinundu kinavimba. Wembe wa kukunja una makali mamoja, kwa hiyo hauvuti na kukata chini ya ngozi kama nyembe za makali matatu au matano, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini si kinga. Ukivuta ngozi kwa nguvu, ukapitisha kinyume cha ndevu ili ulainike kama mtoto, utavipata tu, hata kwa wembe bora wa Solingen.

Mwenye vipele apitishe mara moja, kufuata ndevu, ngozi ikinyooshwa kidogo tu, na akubali kubaki na kivuli cha ndevu. Vikishajaa, pumzika kunyoa wiki tatu hadi nne. Ndevu zikirefuka nyingi zinajitoa zenyewe. Iliyojipinda juu ya ngozi iinuliwe kwa sindano safi bila kung'olewa. Usivitumbue. Na krimu za mtaani za "kuondoa vipele", nyingi zina steroidi; zinatuliza wiki moja na kuharibu ngozi mwaka mzima. Vinundu vikigeuka makovu magumu yanayokua, hasa kisogoni, nenda kwa daktari wa ngozi.

Damu

Wembe ukienda mbele haukati ngozi hovyo. Ukiteleza pembeni, kwa urefu wa makali, unapasua. Mikato mingi hutokea hapo, hasa masikioni na kidevuni, na mingi inasababishwa na ile ncha ya pembe kali iliyo kwenye baadhi ya nyembe. Anayeanza atafute yenye ncha ya mviringo.

Wembe wako usinyoe mwingine. Homa ya ini aina ya B na C na virusi vya UKIMWI vinaweza kupita kwa damu isiyoonekana. Uliopata kwa mtu uoshe kwa sabuni, kisha futa chuma kwa spiriti ya asilimia 70. Usitumie Jiki, klorini inakula chuma cha kaboni, na usichemshe ukiwa na mpini.

Kutu

Rangi ya kijivu au ya buluu hafifu iliyotulia juu ya chuma ni ya uzee, iache. Nyekundu inayobaki kwenye kitambaa ni kutu hai: weka mafuta ya cherehani, acha usiku, sugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia chuma, ukitoka mgongoni kwenda makalini na kamwe si kinyume. Mashimo meusi ubavuni ni sura mbaya tu. Mashimo kwenye ukingo wa makali ni jambo jingine. Kila utakaponoa, ukingo utamegukia pale. Wembe huo ni wa kutundika ukutani.

Anayekaa Tanga, Mombasa au Unguja asiamini kwamba kufuta kwa taulo kunatosha. Hewa yenyewe ina chumvi. Kausha, pitisha ukandani mara chache kutoa unyevu, paka tone la mafuta, pamoja na ndani ya ribiti, na uuhifadhi mahali penye hewa, si bafuni, wala ndani ya ala ya ngozi.

Kutu inayorudi kila mara kwenye sehemu ileile inayolala ndani ya mpini ina maana yake. Mipini mingi ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ni seluloidi, plastiki ya kale, na seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wa tindikali. Ndani yake kunakuwa na ukungu au nyufa, na harufu kali ya kafuri. Toa mpini, utenge na nyembe nyingine siku hiyohiyo kwa sababu mvuke unazifikia nazo, na uuweke mbali na moto: seluloidi inawaka vibaya sana.

Brashi

Kunyonyoka nywele chache wiki za mwanzo ni kawaida. Zikiendelea, gundi imeachia. Harufu ya mnyama inakwisha ukiiosha kwa sabuni mara kadhaa. Ikinuka baada ya miezi, inakaa na maji. Itundike nywele zikiwa chini au isimamishe mahali pakavu.

Kwa Mwislamu: brashi iliyoandikwa Pure Bristle kwa kawaida ni nywele za nguruwe. Ziko za singa za farasi na za nyuzi za kutengenezwa, na hizi za mwisho zinakauka upesi zaidi katika joto letu.

Wembe wa kale nunua, brashi ya kale usinunue. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele ambazo hazikusafishwa vizuri, na vijidudu vya kimeta vinaweza kuishi miaka mingi sana vikiwa vikavu.

Mpini wa pembe

Wembe ukifungwa na makali yakagusa ubavu wa mpini, usiendelee kuufunga hivyo. Kila kufunga kunakata mpini na kubutua makali. Mpini wa pembe ya ng'ombe au nyati uliopinda hulainika kwenye maji ya moto, ukanyooshwa ukiwa umebanwa, ila kwanza fundi atoe ribiti. Ribiti iliyolegea hugongwa polepole kwa nyundo ndogo, pande zote mbili, chini yake pakiwa na chuma kigumu, mpaka wembe ukisimamishwa nusu usidondoke wenyewe.

Mpini mweupe wenye mistari myembamba inayokutana kama wavu huenda ni wa pembe ya ndovu. Pembe za Afrika Mashariki zilisafirishwa kwa wingi kupitia Zanzibar katika karne ya 19, na viwanda vya visu na nyembe vya Sheffield vilikuwa wateja wakubwa. Usiuchemshe wala kuuloweka, utapasuka. Usiubebe mpakani wala uwanja wa ndege bila vibali: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989 na CITES, mkataba unaosimamia biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na ofisa wa forodha hataangalia wembe, ataangalia mpini.